Je, wajua kwa nini vitumbua vya mama vilikuja kuushinda mshahara wa baba?

Ukipita vichochoro vya Buguruni au Manzese, Dar es Salaam, kabla ya adhana ya alfajiri, utasikia mafuta yakichemka kabla hujaona taa. Mama ameketi kwenye kigoda, chuma cha vitumbua kiko mbele yake juu ya jiko la mkaa, anamimina rojo kwa upawa na kugeuza kwa kijiti. Kazi yenyewe aliianza jana. Mchele aliuloweka mchana, jioni akaupeleka mashineni kusagwa, akauchanganya na tui la nazi, sukari, hamira na iliki, akauacha uumuke usiku kucha. Wateja wa kwanza ni makondakta, halafu watoto wa shule. Ikifika saa tatu beseni ni tupu, na yeye anaanza kazi ya pili, ile ya nyumbani.

Tumeizoea picha hii hata tukadhani imekuwepo tangu enzi na enzi. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wake wengi wa wafanyakazi wa Dar es Salaam hawakuwa na kipato chao cha fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wengi walikuwa nacho, na katika nyumba nyingi hicho ndicho kilichokuwa kikipika. Kilichotokea hapo katikati hakikuwa semina ya kuwaelimisha waume. Ni mshahara uliovunjika.

Miaka ya kwanza baada ya Azimio la Arusha la 1967, lile lililotangaza siasa ya ujamaa, karani au fundi wa kiwandani aliweza kulisha mke na watoto kwa mshahara mmoja. Hapakuwa na anasa, ila mwezi ulifika. Asubuhi aliacha hela ya matumizi mezani, mke akaenda gengeni. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu ya mila na ya dini, na sheria nayo iliutia muhuri: Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mkewe kwa chakula, mavazi na malazi. Mke akipata chake, ni chake. Ndiyo maana kipato cha mwanamke, pale kilipokuwepo, kilichukuliwa kuwa hela ya kanga, ya kuchangia harusi, ya kumtumia mama yake kijijini. Hakuna aliyekitegemea kuinjika chungu.

Kisha balaa zikafuatana. Ukame wa 1973 na 1974. Bei ya petroli ikaruka 1973, ikaruka tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri na malighafi, rafu za maduka zikabaki tupu, watu wakapanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga wa yanga, ule wa njano. Kilichokosekana dukani kwa bei ya serikali kilipatikana kwa mlanguzi kwa bei yake mwenyewe.

Kwenye karatasi mshahara haukupungua. Wakati mwingine hata uliongezwa. Ulipungua ukifika sokoni. Kati ya 1974 na 1988 uwezo wa mshahara kununua vitu uliporomoka kwa asilimia 80 na zaidi. Maana yake ni kwamba mshahara uliokuwa ukijaza vikapu vitano ulifika mahali hauwezi kujaza hata kimoja.

Sasa swali lenyewe. Kwa nini mama ndiye aliyetoka kutafuta, badala ya baba kuacha kazi isiyolipa na kutafuta inayolipa?

Wanaume wengi hawakuacha, na walikuwa na sababu za maana. Kazi ya serikali au ya shirika la umma ilikuja na vitu visivyoonekana kwenye hati ya mshahara: nyumba kwa wengine, matibabu, usafiri, kufahamiana na watu, na heshima ya kuitwa mfanyakazi. Tena mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na mtu wa mjini asiye na kazi ya kuonyesha aliweza kukamatwa na kupelekwa kijijini akalime. Kitambulisho cha kazi kilikuwa ngao. Baba alibaki ofisini kulinda nafasi ya familia mjini, na mama akabeba chakula.

Kulikuwa na jambo la pili. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba au kuwa na hisa kwenye kampuni. Wengi wamesahau kwamba Azimio lilisema wazi kuwa kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mama na mumewe. Kwa maandishi, basi, hata mke alibanwa. Lakini nani angekwenda kumshitaki mama kwa sababu ya beseni la maandazi? Kukaanga, kushona, kufuga kuku, kuuza barafu za maji ya ukwaju mlangoni, yote hayo yalionekana ni jiko lililotokeza nje ya kizingiti. Hata jina likabadilika. Neno “biashara” lilinuka ubepari, kwa hiyo watu walisema “mradi”. Mama fulani ana mradi wa maandazi. Neno lile lilimpa mtu mahali pa kusimama bila kuitwa mlanguzi, na mpaka leo tunalitumia bila kukumbuka lilikotoka.

Mtafiti Aili Mari Tripp alipita mitaani, Manzese na Buguruni, mwaka 1987 na 1988, akiwauliza watu wanaishije. Alichokuta ni kwamba mshahara ulikuwa sehemu ndogo tu ya mapato ya nyumba. Kilichobaki kilitoka kwenye miradi, na wanawake wengi waliokuwa nayo walikuwa wameianzisha miaka michache tu kabla ya hapo. Tegemeo lilikuwa limegeuka: anayeitwa mlishaji wa familia alikuwa analishwa.

Nyumbani kwetu liligeuka kimyakimya. Baba alikuwa karani, na mama alipotaja vitumbua mara ya kwanza alikataa: watu watasema ameshindwa. Mama hakubishana. Akasema ni hela ya upatu tu, mchezo wake na wenzake wa mtaani. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa, shule ikafunguliwa, na viatu vyangu vikatoka kwenye kibubu cha vitumbua. Hakuna aliyesema neno. Jumamosi iliyofuata baba alifunga gunia la mchele nyuma ya baiskeli yake, akalileta mpaka ukumbini, akaliegemeza ukutani, akaenda kuoga. Akawa anafanya hivyo kila Jumamosi. Mama naye alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila jioni aliandika: mchele, nazi, mafuta, mkaa, waliokopa, waliolipa.

Mwaka 2023 Claudia Goldin wa Marekani alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kufuatilia kazi za wanawake wa nchi yake kwa miaka 200. Alionyesha kwamba ushiriki wao haukupanda moja kwa moja kadiri nchi ilivyotajirika. Ulishuka kwanza, kwa sababu kazi zilihama kutoka shambani na nyumbani kwenda viwandani, mahali ambapo mke mwenye watoto hakuweza kuwepo kirahisi. Ukapanda baadaye, kazi za ofisini na shule za wasichana zilipoongezeka. Nikiitazama Dar es Salaam kwa jicho hilo naiona hadithi ikirudi kinyumenyume. Mwanamke wa kijijini hajawahi kukaa bure, jembe lilikuwa mkononi mwake. Alipoolewa mjini kazi ikawa kiwandani na ofisini, kwa mumewe. Uchumi ulipoanguka, kazi ikarudi uani, alipokuwa yeye, na mtoto mgongoni. Hapo aliweza kuifanya.

Lakini mahali kazi inapofanyika ndipo panapoipangia malipo. Vitumbua havihitaji cheti, wala leseni ya kusumbua, na mtaji wake ni mdogo. Ndiyo maana kila aliyebanwa alikimbilia huko, na kila mama mpya akiweka jiko mtaa uleule bei inabanwa zaidi. Mteja ni kondakta mwenye sarafu mbili, humpandishii. Mafuta yakipanda, kinachobadilika ni ukubwa wa kitumbua. Angalia vizuri vya leo, utaona.

La kuumiza zaidi ni kwamba mtaji na chungu cha nyumbani viko kwenye mfuko mmoja. Mtoto akiugua usiku, hela inayochukuliwa ni ya mchele wa kesho. Wenyewe wanaita kula mtaji. Mwanamume mwenye duka Kariakoo anaweza kufunga milango akaacha hela huko. Mama wa vitumbua analala na duka lake, na wote wenye shida wanajua liko wapi. Akishakula mtaji hukopa. Wenye bahati wana kikundi cha VICOBA, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakiweka akiba pamoja na kukopeshana. Wengine wanaangukia mikononi mwa wakopeshaji wa mitaani, na jina la mikopo hiyo linatosha kueleza: kausha damu. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki, hata siku ya msiba. Halmashauri zinatakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake za wanawake, na utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa 2024. Kwa mama anayeishi kwa mzunguko wa siku moja, mwaka bila mkopo ule ni mwaka wa kausha damu.

Na uzazi? Mwajiriwa akijifungua, sheria ya kazi ya 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akipata pacha, na muda wa kunyonyesha akirudi kazini. Haki hizi zimefungwa kwenye ajira. Mama wa vitumbua hana wa kumwandikia barua. Akilala siku 40 wateja wamehamia kwa jirani, kwa hiyo halali siku 40, au anamwachia binti yake jiko, na binti anachelewa shule.

Hesabu hiyo imeingia chumbani pia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha mwanamke wa Tanzania anazaa watoto zaidi ya 6 kwa wastani. Ule wa 2022 ulionyesha 4.8, na mijini ni chini ya 4. Elimu imechangia, na huduma za uzazi wa mpango zilizoanza na chama cha UMATI mwaka 1959 zimechangia. Ila ukiongea na akina mama, wengi wanaanza na fedha: chumba cha kupanga, nauli, sare, daftari. Karo ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa 2016, na mtoto bado ana gharama kila asubuhi. Shambani mtoto wa miaka saba ni mkono wa kusaidia. Mjini ni mdomo, na ni saa za mama asizoweza kuuza.

Aliyepanda kidogo akaweza kuajiri dada wa kazi ndiye anayepata saa hizo, na hapo naona uchungu ambao hatupendi kuuzungumza. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa msaidizi wa kawaida anayelala nyumbani kwa mwajiri. Mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini baada ya darasa la saba. Kazi ya mwanamke mmoja inasimama juu ya kazi ya binti mwingine aliye nafuu kuliko yeye, kwa sababu hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyepangiwa kuosha vyombo.

Mzee Mwinyi alipofungua milango baada ya 1985, bidhaa zilirudi madukani, shilingi ikaporomoka kutoka kama 17 kwa dola hadi karibu 200 mwaka 1990, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza miiko. Sasa hata kiongozi aliruhusiwa mradi. Mageuzi hayohayo yalipunguza makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa serikali miaka ya 1990, na waliporudi nyumbani na kiinua mgongo walikuta jiko la mke linawaka.

Sheria haikuwa kipofu kabisa. Ile ya 1971 inasema mali ya ndoa igawanywe kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Lakini mchango huo unatakiwa uonekane, na hati za viwanja vyetu vingi zina jina moja.

Yetu ilikuwa na jina la baba. Alipofariki, ndugu zake walikuja kuuliza nyumba ni ya nani, kwa upole, kama inavyoulizwa msibani. Mama aliingia chumbani, akatoka na madaftari kumi na moja yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Alifungua moja, akamsogezea shemeji yake, akaweka kidole kwenye mstari: vitumbua, wiki mbili, saruji mifuko mitatu.