Magofu ya Engaruka: Yanayosemwa na Yaliyopo

Kijiji cha Engaruka, wilayani Monduli katika mkoa wa Arusha, kimeegemea ukuta wa Bonde la Ufa, na kwenye mteremko ulio juu yake kuna vibaraza vya mawe ambavyo wageni wengi huambiwa ni mabaki ya mji uliopotea. Mji haukuwapo. Palikuwa na vijiji saba vya wakulima, na chini yake mashamba ya umwagiliaji yenye eneo la hekta zipatazo 2,000, ambayo kwa maoni yangu yanastahili kutazamwa kuliko nyumba zenyewe.

Dhana inayoudhi zaidi ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na wageni kutoka ng'ambo, kana kwamba wenyeji wasingeweza kupanga mawe. Kuta zilijengwa bila chokaa, zao lililotambuliwa ni mtama, na ustadi wa aina hiyo haujatoweka kaskazini mwa Tanzania: Wasonjo bado huongoza maji kwa mifereji, na Wairaqw wanajulikana kwa kilimo cha matuta na samadi. Wala magofu hayo si ya maelfu ya miaka; vijiji vilistawi kati ya karne ya 15 na ya 18.

Mwaka 1935 mwanaakiolojia Louis Leakey alikadiria kuwa wakazi walikuwa kati ya 30,000 na 40,000, na tarakimu hizo bado hurudiwa ingawa watafiti waliofuata walizipunguza mno. Kosa ni kudhani kwamba kila shamba lenye ukuta lililimwa wakati mmoja, ilhali mfumo ulipanuliwa kidogo kidogo, na katika baadhi ya sehemu wakulima walielekeza maji yenye tope kwenye kuta ili udongo utuame, yaani shamba lenyewe lilitengenezwa na mto.

Kuhusu kuhamwa kwa vijiji hivyo, wengi husema Wamaasai waliwafukuza wakulima. Wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu moja, lakini baadhi ya vijito vilivyolisha mifereji ya zamani sasa havina maji ya kudumu, jambo ambalo simulizi ya vita pekee haiwezi kulieleza. Tena simulizi hiyo humchora Mmaasai kama adui wa jembe, ilhali katika Engaruka ya leo familia za Kimaasai ni miongoni mwa wanaolima kwa maji ya Mto Engaruka.