Kupaka rangi mchoro wa mkono kwa kompyuta: maana yake na namna inavyofanya kazi

Kupaka rangi kwa kompyuta, kwa maana tunayoizungumzia hapa, ni kuuchukua mchoro uliochorwa kwa kalamu juu ya karatasi, kuuingiza kwenye kompyuta ukiwa picha, kisha kuutia rangi humo kwa programu ya kawaida. Mistari inabaki ya mkono. Rangi ndiyo ya kompyuta. Kazi hii si sawa na kuchora moja kwa moja kwenye kioo, na iko mbali zaidi na kuiagiza mashine ikutengenezee picha nzima. Mtu aliyekaa barazani Mji Mkongwe akachora mlango wa nakshi kwa wino, mnyororo ubavuni na yungiyungi juu yake, hapotezi hata mstari mmoja wa jasho lake.

Kiini cha jambo zima ni hiki: mstari na rangi havikai pamoja. Kwenye karatasi, ukishapitisha rangi ya maji juu ya wino vimeshaungana, na ukikosea hakuna pa kurudi. Kwenye kompyuta kila kimoja kina tabaka lake (Layer), mfano wa karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Anayejua kanga zinavyochapwa ataelewa upesi, kwa sababu kule nako kila rangi ina kiolezo chake cha kuchapia. Ndiyo maana kanga ya pindo lile lile, mji ule ule na jina lile lile unaikuta Darajani kwa nyekundu na manjano, na pembeni yake ipo ya zambarau. Mchoro ni mmoja, kilichobadilishwa ni rangi.

Tabaka la mistari huwekwa juu, la rangi likawa chini. Hapo linazuka tatizo: karatasi uliyoiingiza ina weupe wake, na weupe huo utaziba rangi yote iliyo chini. Dawa yake ni hali ya kuzidisha, ambayo kwenye menyu za programu nyingi huandikwa Multiply. Kwa kompyuta, picha ni mkusanyiko wa nukta ziitwazo pikseli, na kila pikseli ni namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kila namba huanzia 0, yaani giza tupu, hadi 255, yaani mwangaza kamili. Programu huzigawa namba hizo kwa 255, ili nyeupe iwe 1 na nyeusi iwe 0, halafu huzidisha tabaka la juu kwa la chini. Rangi yoyote ikizidishwa kwa 1 inabaki vile vile. Ikizidishwa kwa 0 inakuwa nyeusi. Basi weupe wa karatasi unatoweka wenyewe, wino unabaki, na pale kalamu ilipopita kwa wepesi ikaacha kijivu, rangi ya chini inakolea kidogo tu.

Hesabu hii ni fupi, lakini ndiyo inayoulinda mkono wa mchoraji, kwa sababu haikati wala kufuta chochote. Wanaoanza wengi huhangaika kuuondoa weupe wa karatasi kwa kifutio au kwa zana ya kuchagua, wakaishia na mistari yenye meno meno na madoa meupe pembeni. Kazi hiyo yote haina haja.

Programu ya kufanyia si lazima iwe ya gharama. Photoshop, ambayo hulipiwa, ilipata matabaka mwaka 1994. GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, ni ya bure na matabaka inayo. Krita nayo ni ya bure, na imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji hasa. Paint imekuwemo ndani ya Windows tangu 1985, ila matabaka ilipewa mwaka 2023, tena kwenye Windows 11. Kompyuta nyingi za skuli na ofisini ni za zamani kuliko hapo, kwa hiyo Paint yake inachanganya mstari na rangi mahali pamoja. Kwa picha nyepesi ya mtoto inatosha. Kwa mlango wa nakshi, pakua GIMP.

Kuuingiza mchoro ndiko kunakopuuzwa kuliko yote, na picha nyingi huharibikia hapo kabla rangi haijaguswa. Ukienda kuskani steshenari, omba nukta 300 kwa inchi. Karatasi ya A4 itakupa picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Nakshi ikiwa ndogo sana omba 600. Pikseli zitakuwa mara nne, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itaanza kusuasua. Omba faili la PNG, kwa sababu JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kutupa taarifa, na hasara yake huonekana kama vumbi la kijivu kando ya kila mstari mweusi. Kama huna skana, simu inafaa: weka karatasi bapa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, shika simu juu yake sawasawa, isogeze mbali kidogo, kisha kata kingo. Ukiinamisha simu, mlango ulionyooka utatoka umepinda. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama picha, ama sivyo itabanwa njiani.

Baada ya hapo fungua Levels, zana ya kurekebisha mwangaza na giza la picha, usogeze upande wa mwangaza mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, na upande wa giza mpaka wino ukolee. Usipitilize. Mistari myembamba hufa hapo.

Sasa ndoo ya rangi, zana ya kujaza rangi eneo zima kwa kubonyeza mara moja. Ndoo huanzia pikseli uliyoibonyeza, ikazitazama jirani zake. Zinazofanana nayo huzitia rangi, kisha jirani wa hao, hadi ikutane na mstari. Mstari ukiwa na mwanya, hata wa pikseli moja, rangi inavuja na kujaa karatasi nzima. Nakshi za milango yetu zina vijumba vingi vilivyofungwa, kwa hiyo ndoo inazipenda. Mchoro wa mawimbi au wa makuti ya mnazi hautulii nayo, huo tumia brashi. Kwa kuwa mistari iko tabaka jingine, iambie ndoo iangalie matabaka yote, la sivyo haitaiona mipaka. Kisha iruhusu rangi itambae pikseli moja au mbili chini ya mstari. Bila hivyo utabaki na uzi mweupe kati ya wino na rangi, kwa sababu ukingo wa mstari si mweusi kamili. Tangu 2019 ndoo ya GIMP ina njia ya kutambua mistari ya mchoro na kuziba mianya midogo yenyewe, na hiyo imepunguza kazi kubwa.

Kompyuta inakupa rangi zaidi ya milioni 16, na kwa maoni yangu huo ni mtego. Chagua tano au sita kabla hujaanza: damu ya mzee, maji ya kunde, samawati, manjano iliyopoa, nyeupe ya chokaa. Vivuli viwekee tabaka lake, nalo liwe katika hali ile ile ya kuzidisha, kwa zambarau hafifu badala ya nyeusi. Mbao za mlango zitapata kina bila kuonekana chafu.

Hifadhi kazi kwa faili la GIMP lenyewe, XCF, linalotunza matabaka, na ufanye hivyo mara kwa mara, maana umeme unaweza kukatika. PNG ni ya kutolea nakala. Ukitaka kuchapisha kadi za Idi, kumbuka kwamba kioo kinatoa mwanga na printa inatumia wino: ile buluu ya kijani ya bahari ya Nungwi, inayong'aa kwenye kioo, itatoka imefifia kwenye karatasi. Chapisha kipande kidogo kwanza, urekebishe tabaka la rangi, ndipo uagize zote.