Kuharisha kwa mtoto hakuletwi na meno: maswali ninayoulizwa kliniki

Bibi alimleta mjukuu wake wa miezi tisa akiwa amemfunga mgongoni kwa khanga. Alikuwa ameharisha siku nne. Nilipomlaza kitandani niliona utosi umebonyea na macho yameingia ndani. Nikafinya ngozi ya tumbo, nikaiachia, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nikamuuliza bibi kwa nini hawakuja mapema. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Ni meno tu haya, mwanangu. Yakitoka ataacha."

Mtoto yule aliwekewa dripu, akapona. Lakini sentensi ile ya bibi naisikia kila wiki, na si kila anayeisema huwahi kufika. Ndiyo maana nayaandika maswali haya. Mengi nimeulizwa na akina mama kliniki, na mawili ni ya wanafunzi wa kidato cha pili, siku niliyoalikwa kwenye kipindi chao cha baiolojia.

Kuharisha ni nini hasa?

Ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kupata choo laini mara nyingi kwa siku akawa mzima kabisa. Kwake angalia mabadiliko: choo kimekuwa maji na kinatoka mara nyingi kuliko kawaida yake.

Dokta, mama mkwe anasema mtoto akiota meno lazima aharishe. Si kweli?

Si kweli. Meno hayaleti kuharisha. Fizi zitamwasha, atatoa udenda, atalialia usiku na kutafuna kila anachoshika. Kuharisha hakumo. Mpe mama mkwe shikamoo yake na heshima yake yote, halafu mlete mtoto.

Lakini wanangu wote watatu waliharisha wakati wa meno. Nimeona kwa macho yangu.

Ulichokiona ni kweli. Ulivyokielewa ndiko kwenye kosa.

Meno ya kwanza huanza kutoka karibu na mwezi wa sita. Huohuo ndio mwezi anaoanza kula uji na vyakula vingine. Ndio wakati anaojifunza kukaa na kutambaa, akaokota kitu sakafuni na kukitia mdomoni, pengine palepale kuku walipopita. Na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake imekwisha kupungua. Mambo yote hayo yanakuja pamoja, na sisi tunalishika jino kwa sababu ndilo linaloonekana.

Halafu hesabu. Mtoto huota meno 20, kuanzia mwezi wa sita hivi mpaka karibu miaka miwili na nusu. Katika muda wote huo, siku yoyote atakayoharisha, ukitafuta jino la kulisingizia hulikosi.

Sasa kama si meno, ni nini?

Ni vijidudu vilivyoingia kwa mdomo, kupitia chakula, maji, mikono au vyombo. Kati ya mwaka 2007 na 2011 watafiti waliwafuatilia watoto wa chini ya miaka mitano waliougua sana kuharisha katika nchi saba, na mojawapo ya vituo vyao ilikuwa magharibi mwa Kenya. Wakapima vinyesi, wakalinganisha na vya watoto wenzao wasioharisha. Vijidudu vinne ndivyo vilivyoongoza: virusi vya rota, kimelea kiitwacho Kriptosporidiamu, na bakteria wa aina mbili, E. koli anayetoa sumu ndani ya utumbo na Shigela anayeleta choo chenye damu. Jino halimo katika orodha hiyo.

Jambo moja kutoka utafiti huohuo huwa nalirudia kwa kila mzazi. Katika miezi miwili hivi baada ya kuugua, watoto wale walikuwa na uwezekano wa kufa mara 8.5 kuliko wenzao. Kwa hiyo hata kuharisha kukiisha, mtoto anahitaji kulishwa vizuri na kurudi kliniki kupimwa uzito.

Uji umechemshwa, bakteria wametoka wapi? (Hili aliniuliza msichana wa kidato cha pili.)

Swali zuri, na nilimjibu kwa ubao na chaki. Jiko linawaua walio wengi. Baada ya hapo uji unamiminwa kwenye bakuli iliyosuuzwa kwa maji ya ndoo, unakorogwa kwa kijiko kilichoanguka kikapanguswa na khanga, unaonjwa, kijiko kinarudishwa. Tukasema basi bakteria mmoja tu ameingia katika uji uliokwisha kupoa, saa moja asubuhi. Katika joto letu hili, na chakula kikimfaa, anaweza kugawanyika kila dakika 20. Mmoja wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Wanafunzi wakahesabu wenyewe. Saa mbili asubuhi, 8. Saa tano, 4,096. Saa nane mchana, muda ambao dada aliyeachiwa mtoto anamlisha tena uji uleule, 2,097,152. Darasa likanyamaza. Yule msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba mdogo wake nyumbani analishwa hivyo.

Na chupa ya chai, ile thamosi tunayoiamini, haituokoi. Bakteria wa chakula hukua kati ya nyuzijoto 5 na 60. Uji ukiwa bado unaunguza ulimi, sawa. Lakini mama anaumimina alfajiri kabla ya kwenda shamba au sokoni, chupa inafunguliwa na kufungwa, na kufikia mchana uji umekuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hapo tumewatengenezea bakteria mahali pazuri kuliko popote ndani ya nyumba.

Si ninaupasha moto tena? (Na hili ni la kijana aliyekaa nyuma.)

Ukiupasha mpaka uchemke na kutokota, bakteria walio hai wengi watakufa. Lakini wako wanaoacha sumu ndani ya chakula wakiwa wanakua. Stafilokokasi, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono ya mpishi, anaacha sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Basilasi wa kwenye wali naye ana sumu ya aina hiyo, na ndiyo inayowatapisha watu saa chache baada ya kula kiporo kilicholala mezani. Vitabu vinafundisha kwamba moto unaua bakteria, na ni kweli. Wanafunzi waambiwe pia kwamba moto hauondoi kila kitu bakteria alichokiacha.

Basi nifanyeje, na kazini lazima niende?

Najua lazima uende, na sikulaumu. Pika uji kidogo unaotosha mlo mmoja, na ukibaki usikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Anayebaki na mtoto apimiwe unga na maji akoroge mwenyewe mchana, ni dakika chache. Tumia kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonyeshea yenye chuchu ya mpira iache kabisa, haisafishiki ikasafika. Mikono inawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kabla ya kulisha na baada ya kumtawaza mtoto. Kuchovya vidole kwenye beseni moja walilochovya wote si kunawa.

Wazee wetu nao walikuwa na jambo lao hapa: togwa. Uji ukichachuka vizuri kwa kimea unakuwa na asidi, na bakteria wengi wa kuharisha hawaipendi. Watafiti waliowalisha watoto wa Kitanzania uji wa kuchachua, wakachapisha matokeo mwaka 1999, waliona vijidudu hivyo vinapungua katika vinyesi vyao. Togwa itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa na chombo safi. Na ni chakula, si dawa ya mtoto ambaye tayari anaharisha.

Akinywa maji si ndiyo atazidi kuharisha?

Hapana, hapana, na tena hapana. Maji yanatoka na chumvi yanatoka, wewe unafunga mlango wa kuingizia. Mtoto hafi kwa sababu ya choo, anakufa kwa kukaukiwa.

Hata utumbo ukiwa mgonjwa, mlango mmoja hubaki wazi: sukari na chumvi zikifika pamoja kwa kipimo sahihi, utumbo unazipokea na maji yanazifuata. Hiyo ndiyo kazi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji ya kunywa. Mwaka 1971 kipindupindu kiliwavamia wakimbizi waliojaa Bongaon, India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari na ndugu zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Ni maji ya kunywa yaliyofanya hivyo, katika mahema, kwa mikono ya akina mama.

Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, nyingine nusu lita. Changanya yote kwa mara moja. Kumwaga nusu pakiti kwenye kikombe kwa kukisia ni hatari, chumvi ikizidi inamdhuru. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kwa kijiko, polepole. Akitapika subiri dakika 10 uanze tena. ORS uliyochanganya ikipita siku moja mwaga, changanya nyingine. Kunyonya kuendelee, na kula kuendelee. Soda na juisi za dukani haziwi ORS.

Zinki ni ya nini?

Inafupisha ugonjwa na kupunguza kurudi kwake. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, nusu kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Maliza hata choo kikishakaza.

Nikienda duka la dawa wananipa Flagyl, na inasaidia.

Dawa hiyo inatibu vimelea vya amiba na giadia. Haigusi virusi vya rota, haigusi Shigela, haigusi E. koli. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, na sifa inakwenda kwa kidonge. Ubaya wake mkubwa ni siku mbili unazokaa nyumbani ukiamini umetibu. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima ndizo kabisa usimpe mtoto. Kwenye duka hilohilo omba ORS na zinki.

Jirani anasema ni meno ya plastiki, yuko mtu wa kuyang'oa.

Mama, nakuomba. Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe wanachokuonyesha kwenye fizi ni chipukizi la jino lake halisi ambalo halijatoka. Wanalichimbua kwa msumari, spoku ya baiskeli au wembe, bila ganzi. Mtoto anayekaukiwa maji sasa anavuja damu pia, na anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu. Waganda wana jina lao la jambo hilihili, na mitaa ya huko inazika watoto vilevile. Mtu huyo asimguse mwanao.

Ni lini nimlete bila kusubiri?

Mlete siku hiyohiyo ukiona damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, amelegea au haamki vizuri, ana degedege, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa sita. Aliye chini ya miezi sita usimsubirie hata dalili moja kati ya hizo. Na choo kikiwa maji meupe kama ya kuoshea mchele, kinachomwagika mfululizo, njoo ukikimbia, maana hicho kinaweza kuwa kipindupindu, na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache.

Dokta, nakubali yote, lakini huyu wangu jino nimeliona limechomoza leo asubuhi, na leo ndiyo ameanza kuharisha.

Jino limechomoza, na mtoto amepata vijidudu. Ni mambo mawili yaliyokutana siku moja. Mpe ORS sasa hivi, anza zinki, mnyonyeshe, uangalie dalili nilizotaja. Meno hayaleti kuharisha. Nitalirudia mpaka bibi wa kijiji cha mwisho aniamini.

Usiku wa manane, ORS sina, na bodaboda hakuna?

Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu kwa kidole safi, na nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe chumvi. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Kaa naye umpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, hata kama unasinzia, mpokezane na baba yake. Kukipambazuka chukua kadi ya kliniki, mfunge mtoto kifuani uweze kumwona uso, njiani uendelee kumpa, na ukifika usikae kwenye foleni. Pita mbele, sema mtoto anaharisha na amelegea, tutakupisha.