Malaria hakuna, na homa haishuki: maswali kuhusu homa ya kupe

Nimepimwa malaria, sina. Mbona homa bado ipo?

Kama unachunga, unakama au unakata majani ya ng'ombe, fikiria kupe. Zamani hapa Pemba homa ilikuwa malaria, basi. Sasa malaria imepungua sana, na kipimo kikitoka safi wengi hurudi nyumbani na dawa ya maumivu tu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kupe huleta homa gani?

Homa ya kupe ya Afrika. Bakteria wake, Rickettsia africae, alipewa jina hilo mwaka 1996, kwa hiyo wahudumu wengi hawakumsoma darasani. Afrika Mashariki hubebwa zaidi na kupe mkubwa wa ng'ombe, yule ambaye dume lake lina mapambo ya rangi ya shaba mgongoni na miguu ya mistari. Vitoto vyake, vidogo kama chembe ya ufuta, navyo huuma. Ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba hakuumwa na kitu.

Nitaijuaje?

Homa huanza takriban siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa. Kichwa kinagonga, shingo na maungo yanauma, mitoki inavimba. Kisha tafuta kigaga cheusi, kidogo, mahali kupe alipouma, ngozi ya pembeni imevimba. Kinaweza kuwa kimoja au vitatu: nyuma ya goti, kinenani, kwapani, hata ndani ya nywele. Hakiumi sana, kwa hiyo mtu hudhani ni mwiba. Mtoto mvue nguo umtazame mwili mzima.

Ukifika kituoni, kionyeshe kigaga hicho na useme wazi: "Nafuga ng'ombe." Kipimo cha malaria hakiwezi kumwona bakteria huyu. Macho ya daktari na maelezo yako ndiyo yatakayomwona.

Inatibika?

Vizuri sana. Dawa yake ni doksisaiklini, na homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku chache. Amoksilini tunayoizoea kununua dukani haimwui bakteria huyu. Mjamzito na mtoto mdogo waamuliwe na daktari.

Kupe aliyeganda nimpake mafuta ya taa?

Hapana, wala usimchome kwa moto. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja bila kumminya tumbo, kisha osha kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha, kama tunavyofanya wengi zizini.

Ndiyo homa ya papasi?

Sivyo. Papasi ni kupe wa aina nyingine: hujificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, huuma usiku na kuondoka. Homa yake hupoa siku kadhaa, ikarudi, ikapoa tena. Kama ulisafiri bara ukalala nyumba ya namna hiyo, mwambie daktari na hilo pia.