Vitamini za nyongeza kwa kuku wa mayai wakati wa joto: maana na kazi yake

Hizi ni vitamini zinazotiwa kwenye chakula au maji ya kunywa, juu ya kiwango ambacho chakula cha kutagia tayari kinacho. Hazimpunguzii kuku joto. Kazi yake ni kufidia kinachopunguzwa na joto mwilini, kwa hiyo banda lisilopitisha hewa halirekebishiki kwa pakiti ya vitamini.

Kuku hana tezi za jasho. Hata akiwa mzima, mwili wake una nyuzi joto 41 hivi, na banda likipita nyuzi 30 anatweta ili joto litoke kwa mvuke wa pumzi. Yai linaumia kwa njia mbili. Kwanza, kwa kutweta anatoa kaboni dioksidi nyingi kupita kiasi; asidi ya damu inapungua, na malighafi za ganda, ambalo karibu lote ni kalisiamu kaboneti, zinapatikana kwa shida. Ndiyo maana maganda huwa membamba. Pili, kuku anakula kidogo, kwa kuwa kusaga chakula nako huzalisha joto. Anayekula kidogo hupata vitamini kidogo, hata kama kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko ni sahihi kabisa. Wengi hulisahau hili, nami naliona ndilo sababu kuu ya kuwapo kwa nyongeza.

Vitamini C ndiyo inayotajwa zaidi. Kuku huitengeneza mwenyewe kwenye figo, kwa hiyo siku za kawaida hana haja ya kupewa. Joto likidumu, anaitumia kuliko anavyoweza kuitengeneza. Majaribio mengi yametumia takribani miligramu 200 hadi 250 kwa kilo moja ya chakula. Inasaidia pia figo kuigeuza vitamini D iwe katika hali inayowezesha utumbo kufyonza kalisiamu, na hapo ndipo inapogusa ganda.

Vitamini E inafanya kazi kwenye ini. Malighafi za kiini cha yai hutengenezwa humo, kisha damu huzipeleka kwenye ovari. Joto huzidisha kemikali zinazobabua utando wa seli, na mafuta ya ini ni rahisi kudhurika. Vitamini E huyakinga. Vitamini A hulinda utando wa njia ya yai na kinga ya mwili.

Matumizi yana mitego yake. Vitamini C huharibika upesi ndani ya maji, hasa yakiwa na klorini au yakikaa juani, hivyo huchanganywa upya kila siku, kiasi kitakachoisha baada ya saa chache. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta na kujilimbikiza mwilini. D ikizidi huharibu figo, kwa hiyo kuongeza unga wa pakiti mbili tofauti “kwa uhakika” ni hatari. Soma kwanza kilichomo kwenye chakula chenyewe.

Muda nao una maana. Wape asubuhi wakati bado wanakula na kunywa vizuri, tena anza siku chache kabla ya kipindi cha joto ikiwa kinajulikana. Kuku aliyekwisha kutanua mabawa na kuhema mdomo wazi anahitaji kwanza maji baridi, kivuli na upepo.