Kipimo cha nyutroni hakioni mafuta

"Injinia, shusha ile nyutroni utuambie mafuta yako wapi." Nimeisikia tena juzi. Naandika hapa ili siku nyingine nisijibu kwa ukali.

Kifaa kile tunachokishusha ndani ya kisima cha mafuta kinachoona ni klorini, iliyomo kwenye chumvi. Hurusha nyutroni (chembe ndogo zisizo na chaji) zenye nishati ya MeV 14 zinazopenya bomba la chuma na saruji, zikapoteza kasi mwambani, kisha zikanaswa. Katika vitu vya kawaida vya kisimani, hakuna kinachozinasa kwa pupa kama klorini. Tabaka lenye maji ya chumvi huzimeza upesi na sigma yake, yaani kipimo cha uwezo wa kunasa nyutroni, hupanda. Lenye mafuta huchelewa. Kwa hiyo mafuta tunayakisia kwa kukosa chumvi, basi. Sasa, maji baridi (yasiyo na chumvi) yana sigma ya 22 hivi, mafuta 21 hivi. Utayatenganishaje? Na wanaoniuliza ndio hao hao waliosukuma maji ya mto ardhini miaka kadhaa ili kuinua shinikizo, halafu wanashangaa mchoro wa kipimo ukionyesha "mafuta" na kisima kinatoa maji matupu.

Kabla ya kuniita, pimeni chumvi ya maji yenu. Yakiwa baridi, tumieni uwiano wa kaboni na oksijeni, ambao haujali chumvi. Utataka subira, maana kifaa hutambaa, na tabaka lenye uwazi (nafasi za vinyweleo mwambani) chini ya asilimia 15 majibu yake siyaamini. Kwenye chokaa ongezeni tahadhari: mwamba wenyewe una kaboni.

Wimbo wangu wa kila mwaka ni huu: pimeni kisima kikiwa kipya. Miaka mitano baadaye mwamba utakuwa ule ule, hivyo michoro miwili ikitofautiana, kilichobadilika ni majimaji. Wachache hunisikiliza, kwa sababu kisima kipya hakina tatizo la kulipiwa.

Wengine huniambia: "Bomba likishashuka, mwamba ndio basi, hausomeki tena." Hapana. Miale ya gamma hupita kwenye chuma, hupungua tu. Hata ukinzani wa umeme hupimwa kupitia bomba. Vifaa vyake viko sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

"Saruji haikuhusu wewe." Inanihusu sana. Nyutroni hufika sentimita 30 hivi tu. Maji yakitiririka nyuma ya bomba kwa saruji mbovu, ndiyo nitakayoyasoma.

Na nikisema kisima kipya, simaanishi siku bomba liliposhuka. Majimaji ya tope la kuchimbia yaliyopenya mwambani bado yapo pale, na pengine yatachukua wiki au miezi kuondoka.