Kinga ya Tiba: Haki Moja kwa Mhudumu wa Afya na kwa Mkimbizi

Kinga ya tiba ni kanuni inayotaka mtu anayemhudumia mgonjwa au majeruhi kwa kufuata maadili ya taaluma asishambuliwe, asizuiwe wala asiadhibiwe kwa sababu ya kazi hiyo, awe anayehudumiwa ni nani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba kanuni nzima. Kama ulinzi wa daktari ungetegemea kwamba mgonjwa wake ni raia au mgeni, rafiki au adui, mwenye hati au asiye nazo, basi ungekuwa sawa na kibali tu, na kibali hutolewa na kunyang'anywa na mwenye mamlaka.

Wengi huichukulia kinga hii kuwa heshima wanayopewa madaktari na wauguzi kwa sababu ya elimu yao au ugumu wa kazi yao. Sivyo. Kinachokingwa ni kitendo cha kutibu, na mhudumu hukingwa kwa kuwa kitendo hicho hakifanyiki bila yeye. Daktari akiacha wagonjwa akashika bunduki kwenda kushambulia, kinga humtoka. Mwanakijiji asiye na cheti chochote akimfunga jeraha mtu aliyepigwa risasi, sheria ya vita humlinda kwa kitendo hicho. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kinga imevunjwa, usiangalie tu daktari amefanyiwa nini. Angalia pia mgonjwa amekosa nini.

Chimbuko lake ni vita. Mwaka 1859, baada ya mapigano ya Solferino kaskazini mwa Italia, mfanyabiashara wa Uswisi Henry Dunant aliwakuta maelfu ya majeruhi wameachwa bila matibabu, akashirikiana na wakazi wa mji jirani wa Castiglione kuwahudumia bila kubagua walikuwa wa jeshi gani. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1864 ulitokana na juhudi alizozianzisha, na ndani yake wakazi wanaowasaidia majeruhi walitajwa kuwa watu wa kuheshimiwa na kuachwa huru. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 ilipanua ulinzi huo, na Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 1977, yaani nyongeza ya mikataba hiyo, ikaueleza waziwazi zaidi katika kifungu cha 16: mtu hataadhibiwa kwa hali yoyote ile kwa kutoa huduma inayolingana na maadili ya tiba, bila kujali aliyenufaika nayo, wala hatalazimishwa kutenda kinyume cha maadili hayo.

Kuivunja kwa mabomu ni jambo linaloonekana na kila mtu. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya kivita ya Marekani iliishambulia hospitali ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, na watu 42 wakapoteza maisha, wakiwemo wagonjwa na wahudumu. Mwezi Mei mwaka uliofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2286 la kulaani mashambulizi dhidi ya huduma za afya katika vita. Mashambulizi hayo hayakukoma. Lakini ipo njia nyingine ya kuivunja, isiyo na kishindo, nayo ni mahakama. Bahrain ilipotikiswa na maandamano mwaka 2011, wahudumu wa afya waliowatibu waandamanaji walikamatwa, na mwezi Septemba mahakama maalumu ikawahukumu 20 kati yao vifungo vya miaka 5 hadi 15, ingawa baadhi yao walifutiwa hatia katika rufaa mwaka uliofuata. Hati za mashtaka hazikusema kwamba walikosa kwa kutibu. Zilitaja makosa mengine, kama vile kuiteka hospitali. Huko Syria, sheria ya kupambana na ugaidi ya Julai 2012 iliandikwa kwa upana kiasi kwamba kumtibu mtu wa upande wa upinzani kuliweza kuhesabiwa kuwa ni kuwaunga mkono magaidi. Ni nadra sana serikali kuandika kwamba inamfunga mtu kwa kuwa ametibu.

Kifungu cha 16 chenyewe kina tundu. Kinasema mhudumu hatalazimishwa kutoa habari za wagonjwa wake ambazo zinaweza kuwadhuru wao au familia zao, kisha kinaongeza: isipokuwa pale ambapo sheria ya upande wake mwenyewe inataka hivyo. Maana yake ni kwamba adui hawezi kumlazimisha muuguzi kuwataja wagonjwa, ila serikali yake mwenyewe inaweza, mradi itunge sheria. Waliokubaliana juu ya maneno hayo walikuwa wawakilishi wa serikali, na serikali haipendi kujifunga mikono. Nalitaja tundu hili kwa sababu mkimbizi anapofika hospitalini, mara nyingi hakuna vita tena. Kuna sheria za nchi tu, na ni kupitia sheria hizo kwamba kinga humponyoka.

Haki ya mkimbizi kutibiwa haina utata mkubwa katika maandishi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, kifungu cha 12, unatambua haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachofikika, na mwaka 2000 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua, katika Maoni ya Jumla namba 14, kwamba serikali hazipaswi kuwanyima au kuwabana watu katika kupata huduma za afya, wakiwemo wafungwa, waomba hifadhi na wahamiaji wasio na kibali. Kwa upande wake, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Tatizo huanza pale haki hizi mbili zinapokutana mlangoni pa hospitali, kwa sababu mtu anayeogopa kurudishwa hatakwenda mahali anapodhani atakamatwa, hata kama tiba ni ya bure.

Tazama dawati la mapokezi la hospitali. Karani anauliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya simu, namba ya kitambulisho au ya bima. Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalohusu maumivu yaliyomleta mgonjwa, na majibu yake yote kwa pamoja yanamtosha ofisa wa uhamiaji kumfikia mtu chumbani kwake. Mjamzito asiye na hati ambaye amesikia kwamba majibu hayo huvuka kwenda ofisi nyingine hatahudhuria kliniki. Atasubiri uchungu umshike, na shinikizo la damu ambalo lingegunduliwa miezi mitatu kabla litagunduliwa akiwa tayari hatarini. Mwenye kifua kikuu atakatiza dawa mara tu uvumi wa msako utakapoenea, na kukatiza dawa ni mojawapo ya njia zinazozalisha usugu wa vimelea. Katika hali kama hii hakuna daktari aliyepigwa wala hospitali iliyobomolewa, lakini tiba imezuiwa.

Ujerumani inatoa mfano wa jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa kwa taratibu za kiofisi. Kifungu cha 87 cha sheria yake ya ukaazi kinazitaka ofisi za umma ziijulishe mamlaka ya uhamiaji zinapomgundua mtu asiye na kibali. Daktari anabanwa na siri ya mgonjwa, kwa hiyo yeye haripoti. Tangu 2009 siri hiyo imeenezwa pia kwa ofisi za ustawi wa jamii pale matibabu yanapokuwa ya dharura. Kwa ugonjwa usio wa dharura, hata hivyo, mgonjwa anayetaka kulipiwa hana budi kuomba hati ya matibabu kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, na ofisi hiyo ina wajibu wa kuripoti. Daktari amebaki msafi, mgonjwa amebaki bila tiba.

Uingereza ilipita njia nyingine. Kuanzia Januari 2017 makubaliano rasmi yaliiruhusu wizara ya mambo ya ndani kupata, kutoka hifadhi ya taarifa za huduma ya afya ya taifa, habari zisizo za kitabibu kama vile anwani za watu waliokuwa wakitafutwa kwa makosa ya uhamiaji. Baada ya upinzani mkali wa madaktari na wabunge, serikali iliyasitisha kwa sehemu kubwa mwezi Mei 2018.

Italia, kwa upande wake, iliandika katika sheria yake ya mwaka 1998 kwamba kwenda kutibiwa kwa mgeni asiye na kibali cha ukaazi kusisababishe aripotiwe kwa mamlaka. Mwaka 2009 wanasiasa walipotaka kuiondoa marufuku hiyo, wahudumu wa afya waliandamana wakisema kwamba wao ni madaktari na wauguzi, si wapelelezi, na pendekezo likaachwa. Kwa maoni yangu huu ndio mfano unaoonyesha kinga ya tiba kwa ukamilifu wake kuliko hata ile ya medani ya vita, maana waliosimama kumtetea mgonjwa walikuwa wakitetea kwa wakati huo huo mipaka ya kazi yao wenyewe.

Mambo huwa magumu zaidi pale mkimbizi anapokuwa kizuizini na daktari anapolipwa na mamlaka iliyomfungia. Hapo mhudumu ana wajibu mbili zinazovutana, mmoja kwa mgonjwa na mmoja kwa mwajiri, na Waswahili husema mshika mbili, moja humponyoka. Kwa kawaida unaoponyoka ni ule wa mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hasaini hundi ya mshahara. Mwaka 2014 kijana wa Kiirani wa miaka 24, mwomba hifadhi aliyezuiliwa na Australia katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, alipata maambukizi mguuni. Daktari wa kituo aliomba ahamishwe haraka, lakini uamuzi wa kumhamisha haukuwa wa daktari. Ombi lilipaswa kuidhinishwa na maofisa wa uhamiaji, idhini ikachelewa, na ndege iliyokuwepo jioni hiyo ikaondoka bila yeye. Sumu ya maambukizi ilienea mwilini, na mwezi Septemba akafariki katika hospitali mjini Brisbane. Mwaka 2018 mchunguzi rasmi wa vifo alihitimisha kwamba kifo hicho kingeweza kuzuilika.

Kati ya kifo hicho na hitimisho hilo, Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kikosi cha mipaka, iliyoanza kutumika Julai 2015, ambayo ilitishia kifungo cha hadi miaka miwili kwa mfanyakazi atakayefichua habari alizozipata kazini, wakiwemo madaktari na wauguzi wa vituo vya wakimbizi. Daktari aliyeona mtoto akidhoofika angeweza kumwandikia mwajiri wake, lakini kuutangazia umma kungemfikisha mahakamani. Madaktari waliifungulia sheria hiyo kesi katika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 2016, na kabla haijaamuliwa serikali ikawaondoa wahudumu wa afya katika orodha ya wanaobanwa na usiri huo. Mwaka 2019 sheria nyingine iliwapa madaktari wawili uwezo wa kupendekeza mkimbizi mgonjwa aliyewekwa nje ya nchi apelekwe Australia kwa matibabu, huku waziri akibakiziwa sababu chache tu za kukataa. Mwezi Desemba mwaka huo huo ikafutwa.

Yapo pia matumizi ya tiba ambayo kanuni hii huyakataa kutoka upande wa pili. Kinga humlinda daktari ili atibu. Haimlindi anapoutumia ujuzi wake kumhudumia mlinzi wa gereza badala ya mgonjwa, kwa mfano kumthibitisha mtu dhaifu kuwa yuko tayari kusafirishwa kwa nguvu huku akijua hayuko. Wala isichukuliwe kuwa usiri hauna mipaka. Kuripoti surua au kipindupindu kwa mamlaka ya afya ni wajibu wa kisheria karibu kila mahali, na Itifaki ya 1977 yenyewe inauheshimu. Tofauti iko kwa anayepokea taarifa na kwa analokusudia kulifanya: mamlaka ya afya hutafuta chanzo cha maambukizi, idara ya uhamiaji hutafuta mtu.

Mahali ambapo tofauti hii imeandikwa kwa makini zaidi ni katika Itifaki ya Istanbul ya 1999, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kurekodi mateso, ambao hutumiwa na madaktari wanaowapima waomba hifadhi. Daktari hukaa na mtu faragha, askari akiwa nje ya chumba, akasikiliza maelezo yake, kisha akapima kila kovu na kuandika ni kwa kiwango gani linalingana na kilichosimuliwa: halilingani, linaweza kulingana, linalingana kwa kiasi kikubwa, ni la aina inayotokana kwa kawaida na jambo hilo, au haliwezi kutokana na jambo jingine. Ripoti hiyo inaweza kuamua kama mtu atapewa hifadhi au atarudishwa alikokimbia, na mwongozo unaelekeza kwamba ipelekwe moja kwa moja kwa aliyeiomba, na nakala yake isikabidhiwe kwa polisi kwa hali yoyote ile.